Geti Halikujui Tena

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji, Suva, Fiji.

"Geti la ghala la dhahabu halina ufunguo," Sarojni alisema. "Linafunguka kwa amri ya mtandao kutoka makao makuu. Kila amri inapitia seva ya kati. Nimeshaingia humo."

Akageuza kompyuta. Mistari michache tu ya programu.

"Kila ombi lina kichwa kinachotaja limetoka wapi. Kichujio changu kinafuta jina letu, kinaweka la makao makuu. Geti litatii."

Apenisa, bosi, akabugia kava, kinywaji chungu cha mizizi. "Na mlinzi?"

"Tunamfunga. Hakuna damu."

"Sawa, dada."

Mdogo wake Apenisa, Isoa, alicheka tu. Panga lilikuwa mapajani.

Saa sita usiku. Sarojni alibonyeza. Geti likafunguka, gari likaingia, geti likajifunga.

Mlinzi alitoka kibandani, mzee, kipande cha muhogo mkononi. Akainua mikono.

"Chukueni, wanangu. Mimi sijaona ki—"

Panga la Isoa lilimkata shingoni. Akaanguka kifudifudi, miguu ikitapatapa.

"Tulikubaliana!" Sarojni alifoka.

"Ameniona sura." Isoa alifuta panga kwenye shati la maiti.

Apenisa hakutazama hata chini. Akamwambia nduguye kwa Kifiji, taratibu, "Tukimaliza, huyu Mhindi naye. Anajua mengi."

Sarojni alikulia Nausori, katikati ya Wafiji. Alisikia kila neno. Uso hakuubadilisha.

Walipoingia ndani kubeba vipande vya dhahabu, alituma amri ya mwisho. Geti likafunguka. Akatoka mbio, kompyuta kwapani, akachuchumaa barabarani na kuufuta mstari wa programu uliolidanganya geti. Geti likaanza kujifunga.

Isoa alimwona. Akakimbia, akapenyeza mkono. Chuma kikamsaga mfupa. Alilia kama mbuzi.

Apenisa akachomoa bastola. Risasi ikapita katikati ya nondo za geti, ikampasua Sarojni paja. Akaanguka.

Apenisa alibonyeza simu yake, iliyounganishwa na programu ya Sarojni, mara ya kwanza, ya pili. Kila ombi sasa lilifika makao makuu na jina lake halisi; likakataliwa, na polisi wakaitwa.

"Saro! Dada yangu! Fungua, tutagawana!"

"Geti halikujui tena, kaka."

Ving'ora vilisikika mtaa wa chini. Sarojni angeweza kutambaa hadi mtaroni. Alimtazama mzee yule kupitia nondo, muhogo bado mkononi. Akaisukuma kompyuta mbali, akanyoosha mikono yake yenye damu, akawasubiri polisi.