Jibini la Kumbo Lavunjika Kikaangoni

Mimi ni Bona. Nakaanga jibini katika soko la mji wa Nikki. Kila asubuhi nawasha moto, nachemsha mafuta, nakata jibini vipande. Likiiva, juu linakauka, ndani linabaki laini. Ulile pamoja na viazi vikuu vya kutwanga na mchuzi wa karanga. Hata aliyekuudhi jana utamsahau.

Sisi Wabariba tunajua kulila tu. Wanaolitengeneza ni wanawake wa Kifulani. Ni watu wa kuhama na ng'ombe, na maziwa hayavumilii safari. Jibini linavumilia.

Lakini kiangazi kimoja, jibini la Kumbo lilitaka kunitia wazimu.

Kumbo ni mke wa Gidado, mfugaji wa kambi iliyo nje kidogo ya mji. Jibini lake lilikuwa gumu, tena jekundu kwa rangi ya maganda ya mtama. Wateja walikuwa wanauliza kwanza, "Hili la Kumbo?" Ghafla likaanza kuvunjika kikaangoni. Ukiligeuza, uji. Ukilionja, chungu!

"Mama Bona," mteja mmoja aliniambia mbele ya watu, "siku hizi unauza jibini au dawa ya minyoo?"

Watu wakacheka.

Kumbo alipokuja sokoni, sikumpa hata nafasi ya kutua kibuyu chake.

"Kumbo, jibini gani hili? Umelitengeneza au umelitapika?"

Akainamisha kichwa. "Maziwa yanagoma kuganda, Mama Bona. Basi naongeza majani."

Majani hayo ni ya mmea wenye utomvu mweupe, unaoota kando ya njia. Unayatwanga, unachanganya na maziwa kidogo, unachuja, unamimina kwenye chungu cha maziwa ya moto. Maziwa yanaganda. Kila msichana wa kambini anajua hivyo.

"Na yakigoma tena?"

"Naongeza tena."

"Ala! Na chungu chote umekijaza majani! Unataka kutuua? Utomvu ule ni sumu ukizidi. Na hilo jicho jekundu, je?"

"Nilijipangusa jasho na mkono wenye utomvu."

"Jamani! Nawa mikono, mwanamke! Utapofuka!"

Hapo akaanza kulia. Nikapunguza sauti, maana Mfulani halii ovyo mbele za watu.

"Mama mkwe anasema mkono wangu una mkosi," alisema. "Mwezi ukiandama, atamwambia mwanawe aninyang'anye ng'ombe wangu wa maziwa, apewe mke mwenzangu. Nitakaaje pale bila maziwa?"

Lilikuwa jambo zito. Kwao ng'ombe ni wa mume, lakini maziwa ni ya mke. Mke asiye na maziwa ni kama mgeni nyumbani mwake. Hana cha kuwapa watoto, hana cha kupeleka sokoni, hana neno la kusema.

"Umemwuliza mumeo kama ng'ombe ni wazima?"

Alinitazama kama niliyemtukana. "Nimwulize mume habari za ng'ombe? Si nitakuwa nimemwambia hajui kuchunga?"

"Na yeye hajakuambia kitu?"

"Mwanamume aje kuniambia mambo ya maziwa? Astaghfirullah!"

Mungu nipe subira! Watu wanalala nyumba moja, wana watoto watatu, na kuambizana habari za ng'ombe ni aibu!

Kesho yake alfajiri nilimchukua Sabi, bwana mifugo wetu, tukaenda kambini. Mama Dado, mama mkwe wa Kumbo, alikuwa ameketi mlangoni anasafisha vibuyu.

"Mama Bona, umefuata nini huku?" aliuliza. "Kama ni jibini, subiri. Karibu litatengenezwa na mkono wenye baraka."

"Mama, mimi ni mkaanga jibini, si mganga wa mikono. Tumekuja kuwaona ng'ombe."

Gidado alikuwa anakamua. Aliposikia hivyo, akainuka, akaiweka fimbo yake mabegani.

"Ng'ombe wangu wazima," alisema.

"Alhamdulillahi," Sabi alijibu. "Basi hutaogopa nikiwatazama. Nipe kitambaa cheusi."

Hakukuwa na kitambaa cheusi ila kilemba changu kipya. Nikakitoa huku roho inaniuma. Sabi akanawa mikono, akaosha kiwele cha ng'ombe wa kwanza, akakamua matone ya mwanzo juu ya kitambaa. Maziwa yalikuwa laini, meupe. Ng'ombe wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa Oole, ng'ombe wa manjano ambaye Gidado aliachiwa na baba yake. Sabi alipomgusa chuchu, Oole akarusha teke.

Mabonge yakaonekana juu ya kitambaa. Madogo, ya njano, kama ugali uliokataa kuiva.

"Oole ana ugonjwa wa kiwele," Sabi alisema. "Shika hapa. Pamevimba, tena pana moto. Maziwa ya ng'ombe mgonjwa hayagandi vizuri. Kiangazi hiki mnakamua ng'ombe watatu tu. Ukiyatia ya huyu pamoja na ya wenzake, chungu kizima kinaharibika. Hata ukiongeza gunia la majani, utapata uchungu tu. Na mkiyanywa mabichi, mtaugua."

Gidado alikuwa anatazama chini.

"Ulijua?" nilimwuliza.

Akaanza kumpapasa Oole mgongoni.

"Gidado, nakuuliza! Ulijua?"

"Niliona mabonge," alisema polepole. "Nikawa nayachuja kwa kitambaa kabla ya kumpelekea. Nilidhani atapona. Oole ni ng'ombe wa baba. Watu wangesema nimeshindwa kumtunza."

"Mficha maradhi, kilio kitamuumbua!" nilifoka. "Mkeo anaitwa mkosi, jicho linamvimba, wateja wangu wananicheka, na wewe unachuja tu!"

Mama Dado aliinuka. Nilidhani ananijia mimi. Kumbe alimwendea mwanawe.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimemtukana mtoto wa watu mwezi mzima, na wewe unanisikiliza?"

Mama Dado akarudi mlangoni, akachukua kibuyu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa akisafisha, akamtia mikononi Kumbo, aliyekuwa amesimama nyuma yetu. Mama mkwe wa Kifulani kuomba radhi, thubutu!

Sabi alimchoma Oole sindano. Halafu akawaeleza wote pamoja, wanaume kwa wanawake, wapende wasipende.

"Naweni mikono na mwoshe kiwele kabla ya kukamua. Matone ya kwanza yatazameni kwenye kitambaa cheusi kila siku. Ng'ombe mgonjwa mkamue mwisho, na maziwa yake myamwage mbali. Nikimaliza sindano, msiyatumie bado, maana dawa inabaki ndani ya maziwa. Mimi ndiye nitakayesema lini. Na majani, Kumbo, ni yale machache uliyofundishwa na mama yako."

"Na jibini likikaa siku kadhaa," niliongeza, "lichemshwe tena kwenye maji ya chumvi. Nami nataka kilemba kingine."

Mwezi ulipoandama, nilikwenda tena kambini kuchukua jibini mwenyewe. Maana sikumwamini mtu yeyote pale. Kumbo alikuwa jikoni, jicho limepona, jibini linachuja maji kwenye vikapu vidogo. Nilibonyeza moja kwa kidole. Likakataa kubonyea. Nikacheka peke yangu.

Gidado akaja na maziwa ya asubuhi. Kwa kawaida huyaweka chini na kuondoka kama mtu aliyedondosha kuni. Safari hii alisimama. Akakohoa. Akatazama miti. Akatazama mbingu. Mimi jasho linanitoka.

"Ya Oole nimeyamwaga," alisema mwishowe. "Haya ni ya wale wawili."

Kumbo alikuwa anakoroga chungu. Hakuinua uso. Lakini mwiko ulisimama.

"Yule ng'ombe mweusi," aliuliza taratibu, "leo alikula?"

"Alikula vizuri."

"Haya."

Basi. Gidado akaenda zake malishoni, na Kumbo akaanza kukoroga tena.