Uwanja Ulioitiwa Chui

Jumapili ya mambo haya ilianza kama Jumapili nyingine yoyote pale Lodwar. Watu walitoka kanisani, wakala walichojaliwa, wakajibanza vivulini kungoja jua lipunguze hasira. Alasiri wakateremka uwanjani, karibu na mto Turkwel, kutazama Chui wakimenyana na Mawe.

Mgeni angedhani hayo ni majina ya timu tu. La. Kila mwanamume Mturkana huzaliwa Chui au Jiwe, na huzaliwa upande usio wa baba yake. Baba akiwa Jiwe, mwana ni Chui, na mjukuu hurudi kuwa Jiwe pamoja na babu. Kwa hiyo katika uwanja ule baba na mwana hawakucheza upande mmoja hata siku moja, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Epuyo, fundi wa akala, vile viatu vya matairi, alikuwa Chui. Mwanawe Nanok, kijana wa kazi katika ofisi ya mifugo, alikuwa kipa wa Mawe. Nanok akifungwa goli, babake alirukaruka kwa furaha, na jioni wakataniana njia nzima hadi nyumbani.

Jumapili ile hapakuwa na mchezo. Uwanja ulikuwa umejaa vigingi vya mpima ardhi.

Hapo zingejengwa nyumba za wafanyakazi wa serikali. Epuyo hakushangaa. Yeye ndiye aliyetwikwa uenyekiti wa kuutetea uwanja, kwa sababu hakujua kukataa. Alikwenda baraza hadi baraza, akakalia mabenchi ya ofisi mpaka suruali ikang'aa matakoni. Aliambiwa njoo kesho, akaja, akaambiwa mkubwa amekwenda Kitale. Alichoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Alikuwa akiamka nao, akinywa nao chai.

"Mzee, mimi natumwa tu," Cornelius, yule mpima ardhi, alimwambia Epuyo. Alikuwa mtu wa Kenya, kama watu wa Lodwar walivyopaita kote kusini mwa Kitale. "Ingekuwa shauri langu, ningejenga kule ng'ambo ya uwanja wa ndege. Lakini mimi ni nani?"

Hata kumchukia ilikuwa kazi. Epuyo akageuka, akaenda sokoni kwa Nakiru.

Nakiru alikuwa mama wa ulimi mkali, muuza tumbako. Alikuwa pia mwaguzi, na aliagua kwa kurusha viatu na kusoma vilivyoanguka. Epuyo akavua akala zake.

"Hii ya tairi?" Nakiru aliguna. "Haya. Kiatu ni kiatu." Akavirusha, akavitazama. "Hiyo uwanja itapata walinzi. Mimi naita nani?"

"Chui. Wazee wetu waliokufa."

"Chui peke yake?"

Swali hilo Mturkana yeyote angelijibu akiwa usingizini. Hakuna shughuli ya wazee inayofanywa na upande mmoja. Chui wakiketi kula nyama, Mawe nao wana mahali pao pa kuketi. Epuyo alilijua hilo vizuri. Lakini alikuwa Chui, alikuwa amechoka, na alitaka kwenda zake nyumbani.

"Chui wanatosha, mama."

Nakiru hakubishana naye. Wakaenda uwanjani, akafukia tumbako katikati, akanong'ona maneno yake, akarudi kwenye biashara yake.

Siku chache baadaye Cornelius alikuwa pale na chombo chake cha kupimia, mchana, saa ambayo hata mbuzi hujibana ukutani. Vibarua wake walikuwa wamekwenda kula. Upepo haukuwapo. Mchanga ukatimka upande wa mto. Akageuka. Kitu kikampita kikihema. Kingine kikampita upande wa pili. Ilikuwa miguu. Miguu mingi, mitupu, ikikimbia, na nyayo zikichapwa mchangani mbele ya macho yake. Kivuli kilikuwa kimoja tu, chake. Kisha vigingi vikaanza kung'oka, kimoja baada ya kingine, kuanzia mwisho wa uwanja, vikimjia.

Alikimbia hadi sokoni bila kofia. Aliwaambia wakubwa wake kwamba udongo ule haubebi nyumba, nao, ajabu, wakamsikiliza. Nyumba zikahamishiwa ng'ambo ya uwanja wa ndege.

Mji ulilipuka kwa furaha. Vijana walimbeba Epuyo mabegani, naye akawaomba wamshushe akalale.

Wa kwanza kupatwa alikuwa Aregae, mshambuliaji wa Mawe. Mchana mmoja aliacha chakula, akatoka bila kuaga. Walimkuta uwanjani akikimbia bila mpira, akikwepa watu wasioonekana, akianguka, akiinuka. Walipomshika, mdomo wake ulikuwa umejaa mchanga.

"Niacheni," alinong'ona. "Wanasema tumewakawiza."

Kesho yake akawatoroka, na safari hii alirudishwa kwa machela. Hospitalini walisema ni moyo. Epuyo alisimama mazikoni akiwahesabu wachezaji kwa macho. Chui walio hai hawakuwa na hata mkwaruzo. Mawe walichechemea wote. Hapo akaelewa alichofanya. Aliita upande mmoja. Chui wake walikuwa wamekuja kucheza, na hawakukuta mpinzani.

Kisha ikawa zamu ya Nanok.

Epuyo alimfuata jua likiwa utosini. Akamwona mwanawe golini. Anaruka. Anaanguka. Anaruka tena. Viganja vyake vilikuwa vinatoka damu, na kila alipodaka, kitu kilisikika kikimgonga kifuani. Baba alimvuta mkono. Hakusogea.

"Apa," Nanok alinong'ona, kama alivyomwita babake tangu utotoni. "Wako wengi. Mimi nimechoka."

Neno hilo Epuyo alilijua kuliko mtu yeyote. Alilia mbele ya mwanawe, hadharani, bila haya.

Nakiru alikuwa amehama na mbuzi wake hadi Kakuma. Epuyo akadandia lori la unga, akala vumbi mchana kutwa, akamkuta Nakiru kwenye visima vya mto Tarach akinywesha mifugo.

"Ejok," alisalimu.

"Ejok. Mimi nilikuuliza," alisema Nakiru, hata kabla hajaelezwa. "Sasa ita Mawe. Baba yako ilikuwa nani?"

"Ewoi. Alikuwa Jiwe."

"Mwite yeye kwa jina, hapo uwanjani, na tumbako. Yeye ataleta wenzake." Akainua ndoo, akaiweka chini tena. "Lakini wewe sikia. Babu na mjukuu ni upande mmoja. Hao wakikutana hapo, mimi sijui nani atatoka."

"Hakuna njia nyingine?"

"Iko. Ngoja kijana akufe."

Epuyo alirudi Lodwar. Mchana wa siku iliyofuata alisimama uwanjani, nyuma ya goli, Nanok akiwa amelala kifudifudi mchangani. Akamwaga tumbako. Akaita jina la babake kwa sauti ambayo hakuitumia tangu alipokuwa mtoto wa kuchunga.

Vishindo vya Chui wasioonekana vikasimama. Kimya. Kisha nyayo nyingine zikaanza kuchapwa, upande wa Mawe, polepole, kama za wazee wanaonyoosha viungo. Nanok akainuka. Akajipangusa mchanga, akampita babake bila kumtazama, akatembea hadi nyumbani.

Uwanja ulitulia. Chui na Mawe walio hai walirudi kucheza alasiri za Jumapili, na hakuna aliyedhurika tena. Hakuna aliyekanyaga pale mchana, wala hakuna mkubwa aliyetaja tena nyumba. Alichokipigania Epuyo alikipata.

Lakini jioni ya siku ile alipoitwa Ewoi, Nanok alikuwa ameketi mlangoni. Mamake, Rispa, ambaye alifanya kazi wodini, alimpa maji. Alipokunywa, maji yakachuruzika kidevuni. Hayakutoka kinywani. Yalitoka chini ya mdomo.

Rispa alimwinua kidevu. Palikuwa na tundu. Wazee wa kale walitoboa pale kuvaa pambo la shaba, na Ewoi alilivaa mpaka kufa kwake. Nanok alikuwa amekulia shuleni, hakuwahi kutobolewa. Rispa alipapasa kingo za tundu kwa kidole, akarudia kupapasa.

"Baba Nanok," alinong'ona. "Hili si jeraha la leo. Limepona zamani. Ni la zamani kuliko mtoto mwenyewe."

Kijana aliziba tundu kwa kidole gumba, akamaliza maji. Kisha akamtazama babake kama mzee anavyomtazama mtoto aliyechelewa kurudisha mbuzi.

"Epuyo," alisema, "leta tumbako."

Epuyo aliinuka, akaenda kumletea.