Damu ya Kaswera

Soko la Butembo lilikuwa limefurika, na ukithubutu kusimama unasukumwa. Éliakim, fundi wa maabara kutoka Beni, alithubutu. Sanduku la barafu alilobeba likagonga meza ya Kaswera, na vitenge vyake vikamwagika chini.

"Unauzisha samaki?" akauliza Kaswera, mikono kiunoni, gauni la manjano limemkaa sawasawa.

"Hapana. Ni damu."

Waliokuwa karibu wakarudi nyuma. Mji huu umeona magonjwa, na mchukua damu hapendwi. Kaswera hakusogea.

"Damu ya nini?"

"Ya bamama. Mu damu kuko baprotéine. Tunatafuta kama zinaweza kuonyesha kansa ya ziwa mapema. Bado hatujajua."

"Basi chukua na yangu. Lakini okota kwanza bitenge byangu."

Akaokota, akamtoa damu, akaomba na namba ya simu. Kwa miezi minne walitaniana, yeye Beni, mwenzake Butembo, mpaka yuniti za simu zinakwisha. Wazee wakapanga siku ya kuleta mbuzi wa mahari, kama Wanande, watu wa huko, wafanyavyo.

Wiki mbili kabla, Kaswera aligusa uvimbe kwenye ziwa. Hospitali ikathibitisha: kansa, ziwa likatwe upesi. Akampigia Éliakim, hasira zimempanda.

"Ulichukua damu yangu, ukajua, ukanyamaza."

"Nilijua nini, chérie?"

Kaswera akakata simu. Hakupokea tena.

"Na wewe nyamaza," shangazi yake Vagheni akamshauri. "Mbuzi zikishaingia, utasema."

Ushauri ule ulimchoma. Amemkasirikia mwanamume kwa kunyamaza, atanyamazaje yeye?

Siku ikafika. Bibi harusi hujificha ndani mpaka aitwe, lakini Kaswera alitoka mwenyewe, kitenge chekundu kiunoni, akasimama katikati ya wakwe.

"Niko na kansa ya ziwa. Na huyu alijua."

Éliakim akainuka. "Sikujua. Tube ya damu iko na numéro, haina jina. Na zile protéine bado haziwezi kuambia mutu hata moja kama ni mugonjwa. Ningejua, ningekuya na miguu toka Beni."

Kaswera alimtazama usoni, akamwamini, na aibu ya zile wiki mbili ikamshika. Alikuwa bado anampenda, tena sana.

Lakini baba mkubwa wa Éliakim alikwisha kufungua kamba ya mbuzi. "Twende. Bibi wa kukatwa hatumutaki."

"Nilikuambia unyamaze," Vagheni akalia.

"Docteur atakata ziwa, tantine. Ulimi, hapana."

Éliakim akaichukua kamba mkononi mwa mzee, kwa heshima lakini kwa nguvu, akaifunga upya kwenye nguzo ya nyumba ya kina Kaswera, mafundo mawili.

"Watakupasua siku gani?" akamuuliza Kaswera.

"Siku ya ine ya juma hii."

"Basi tunaoana siku ya tatu."