Mji wa Mawingu Ndani ya Mac ya Mama

Kila siku akitoka shule, Lepe alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akasimama kando ya meza ya mama yake na kumweleza kwa sentensi moja alichojifunza siku hiyo. Ilikuwa lazima iwe sentensi moja, kwa sababu mama akiwa kazini hakusikiliza mbili.

"Leo tumejifunza kwamba mvuke ukipoa unakuwa matone."

"Vizuri. Chakula kiko jikoni. Usinimwagie maji karibu na kompyuta."

Jina la Lepe alipewa na binamu yake, kwa kuwa macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto. Hakuwa mgonjwa wala mvivu. Alikuwa mtu wa kuwaza tu. Ukimtuma chumvi dukani, chumvi ataileta, lakini njiani atakuwa amesimama kutazama mawingu mpaka mboga zimeiva bila chumvi.

Mama yake alikuwa mpangaji wa kurasa za vitabu, na kazi hiyo aliifanya nyumbani. Waandishi walimletea maneno, wapiga picha walimletea picha, naye akavikalisha pamoja kwenye kurasa kama mtu anayepanga wageni sebuleni, huyu hapa, yule pale, na asiwepo wa kumbana mwenzake. Kazi yote hiyo aliifanya kwenye kompyuta moja aina ya Mac, iliyokaa juu ya meza karibu na dirisha. Jioni, mama akishapumzika, Lepe aliruhusiwa kuitumia kwa kazi za shule.

Lakini siku zile akili ya Lepe haikuwa kwenye kazi za shule. Nyumbani kwa binamu yake, ambaye wote walimwita Bingwa, alikuwa ameuona mchezo wa kompyuta ulioitwa Mji wa Mawingu. Ndani ya mchezo huo hakuna aliyepigana wala aliyekimbizwa. Unapanda puto, unaelea polepole juu ya bahari ya mawingu, na kila unapokuta nyumba yenye giza unaiwashia taa. Ukiwasha taa, nyumba inaanza kuimba kwa sauti ndogo. Ukiwasha nyingi, mtaa mzima unaimba. Tangu auone, Lepe alikuwa akitembea barabarani kana kwamba lami nayo ni wingu na inaweza kuzama kidogo chini ya nyayo.

"Si uupakue na wewe?" Bingwa alimwambia walipokuwa wakirudi kutoka shule. "Ni wa bure."

"Nimejaribu kwenye kompyuta ya mama. Imekataa. Inasema faili hii haifunguki."

Bingwa alicheka mpaka akashika mti. "Yenu si ni Mac? Pole sana, ndugu yangu! Mchezo ule ni wa Windows tu. Hujaona hata tofaa lililochorwa mgongoni mwa kompyuta yenu limeng'atwa? Utamu walishaula wengine."

"Acha utani, Bingwa. Hakuna njia?"

Bingwa alipoona machozi yameanza kumlengalenga mwenzake, aliacha kucheka. "Ipo. Mchezo unatoa amri kwa lugha ya Windows. Mac inazisikia lakini haizielewi, kama mgeni sokoni. Sasa kuna programu inayokaa katikati yao na kutafsiri. Ni mkalimani, basi. Ila inataka nafasi kubwa kwenye diski. Muulize mama yako kwanza."

"Mama atasema hapana."

"Umemuuliza?"

"Mama namjua."

"Sijakuuliza kama unamjua. Nimekuuliza kama umemuuliza."

Lepe alitazama juu, ambako wingu moja jeupe lilikuwa limekaa kama nyumba isiyo na taa.

Siku iliyofuata, Ijumaa, Lepe aliporudi kutoka shule, mama alikuwa akijiandaa kwenda kwenye kiwanda cha uchapaji kuchagua karatasi. Alikuwa amemaliza kupanga kitabu cha ndege, kitabu kikubwa chenye picha kila ukurasa, kazi iliyomchosha macho kwa miezi. Kesho yake asubuhi kingepelekwa kiwandani.

"Fanya kazi yako ya shule," mama alisema huku akifunga mkoba. "Kitabu cha ndege usikiguse hata kwa bahati mbaya."

"Sawa, mama."

Mlango ulipofungwa, nyumba ilitulia. Jua la mchana liliingia dirishani na kulala juu ya meza. Lepe alikaa, akafungua daftari la hesabu, akalifunga. Akapakua yule mkalimani, kisha akaanza kupakua mchezo. Kompyuta ikaandika kwamba nafasi haitoshi.

Lepe alitafuta kitu kikubwa kinachoweza kuondolewa. Akaikuta folda moja nzito kuliko zote, imeandikwa "Picha za Ndege". Alisita. Akakifungua kitabu cha mama, kukitazama tu, bila kubadilisha neno. Korongo alikuwemo, amesimama kwa mguu mmoja. Bundi alikuwemo. Mdiria alikuwemo, anapiga mbizi mtoni na matone yametawanyika kama shanga zilizokatika. Ndege wote walikuwa mahali pao, wakubwa na waangavu.

"Kama picha zimeshaingia kitabuni," Lepe alijiambia, "hizi za nje ni za nini tena? Ni maganda tu, ndizi imeshaliwa."

Alikifunga kitabu bila kukigusa, kama alivyoahidi. Akaifuta ile folda, na kwa kuwa nafasi bado haikutosha, akalimwaga na pipa la taka la kompyuta. Alijisikia kama mtu aliyefagia uwanja.

Mchezo ulifunguka. Ulikwenda kwa kusuasua na muziki wake ulikatikakatika, lakini mawingu yalikuwa yale yale. Puto lilijaa, likanyanyuka. Lepe alielea. Chini yake bahari nyeupe ilipumua polepole, ikipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Aliwasha taa ya kwanza, nyumba ikaimba. Akawasha ya pili. Meza haikuwepo tena, wala daftari la hesabu, wala sauti za watoto wa jirani waliokuwa wakipiga danadana nje. Ulikuwepo weupe tu, na yeye ndani yake, mwepesi kama unyoya.

Aliporudi duniani, jua lilikuwa limehama kutoka mezani hadi ukutani. Aliuzima mchezo haraka. Kisha, kwa ajili ya kujituliza moyo tu, akakifungua tena kitabu cha mama ili aone kwamba kila kitu kiko salama.

Kompyuta ilimwonya kwamba picha za kitabu hiki hazipatikani.

Alifungua ukurasa wa korongo. Korongo alikuwepo, lakini kama aliyeonwa kupitia kioo chenye mvuke. Bundi alikuwa doa la kahawia. Mdiria alikuwa ukungu wa buluu, bila matone, bila jicho. Hapo ndipo Lepe alipoelewa. Kurasa hazikuwa zimemeza picha. Zilionyesha vivuli vyake tu, na picha zenyewe zilikuwa zikikaa ndani ya ile folda. Alichokiita maganda ndicho kilichokuwa ndizi.

Wazo likamjia, laini kama pamba. Mama mwenyewe huwa anailalamikia kompyuta hii kila siku, anasema imezeeka, iko siku itamsaliti. Je, kama siku yenyewe ni leo? Hakuna aliyeona. Aliufuta mchezo, akamfuta na mkalimani, akafungua daftari la hesabu.

Mama alirudi akiwa na furaha ambayo Lepe hakuwa ameiona kwa muda mrefu. "Njoo ushike," alisema, akimpa kipande cha karatasi nene, laini. "Hii ndiyo ya kitabu chetu. Umewahi kushika karatasi kama hii? Mdiria wangu atang'aa humu kama yuko hai."

Lepe aliishika. Akairudisha mezani upesi.

Simu ikalia. Mama akaipokea, akaiweka mezani kwenye spika, kama kawaida yake, huku akivua viatu. Aliyepiga alikuwa mpiga picha wa kitabu cha ndege.

"Dada, habari za huko? Nafunga mizigo. Kesho naondoka kwenda kupiga picha za mamba, na sina kadi nyingine za kamera ila hizihizi. Nazifuta sasa. Picha zote za ndege si unazo?"

"Ninazo zote, kaka," mama alisema. "Futa kwa amani kabisa."

Lepe aliona midomo ya mama ikisema maneno hayo polepole, kama mtu anayesema ndani ya maji. Chumba kilikuwa kizito na cheupe. Upande mmoja kulikuwa na ile pamba laini, hakuna aliyeona, kompyuta imezeeka. Upande wa pili, mahali asipopajua, kidole cha mtu kilikuwa juu ya kitufe, na chini ya kidole hicho korongo, bundi na wenzao wote.

"Mama! Mwambie asifute!"

"Nini wewe? Naongea na watu."

"Asifute, mama! Picha hatuna. Nimezifuta mimi!"

Mama alimtazama kwa muda wa pumzi moja. Kisha akainama juu ya simu. "Kaka! Simama hapohapo! Usiguse kitu!"

"Nimesimama, dada. Kuna nini? Nimeshafuta moja tu, na mamba wa kwanza nimempiga hapo hapo kuijaribu kamera. Ni mamba wa plastiki wa mwanangu, lakini ndani ya kadi ameshakaa palipokuwa na picha ya zamani, na hiyo hairudi."

"Iliyofutwa ilikuwa na nani?"

"Yule mdiria."

Mama alifumba macho. Alipoyafumbua, alisema tu, "Hizo nyingine nakuja kuzichukua." Akavaa tena viatu alivyokuwa amevivua.

Hakumpiga Lepe wala hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. Aliporudi na kadi, alitoa mkobani diski yake ya akiba. Humo zilikuwemo picha za zamani, lakini hazikuwemo zilizokuja mwishoni, na mdiria alikuja mwishoni. Akapiga simu kiwandani kuomba kitabu kisogezwe. Akajibiwa kwamba nafasi yao kwenye mashine atapewa mwingine, wao wasubiri wiki ijayo.

"Kaa hapa," mama alimwambia Lepe, akivuta kiti cha pili. "Picha zinarudi kwenye folda, halafu kila ukurasa unaonyeshwa picha yake ilipo. Mimi nitapanga, wewe utaunganisha. Ukichoka, usiniambie."

Walifanya kazi hiyo mwisho wote wa wiki. Lepe aliunganisha ukurasa mmoja baada ya mwingine. Kila alipobofya sawasawa, ukungu uliondoka na ndege akatoka, kwanza mdomo, halafu jicho, halafu kila unyoya. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha. Hakusema amechoka. Kwenye ukurasa wa mdiria waliweka picha nyingine ya ndege huyohuyo kutoka kwenye kadi zilizobaki, ametulia juu ya tawi kavu. Ilikuwa picha nzuri. Lakini matone yale hayakuwemo, na wote wawili waliliona pengo lao.

Walipounganisha wa mwisho, mama alijinyoosha mpaka mifupa ikalia. "Haya. Nionyeshe huo mchezo ulioniondolea mdiria."

Lepe alidhani amesikia vibaya.

"Nimesema nionyeshe. Ile diski ya zamani kabatini haina kitu, mchezo wako utakaa humo na huyo mkalimani wako, mbali na kazi yangu. Utacheza ukishamaliza kazi za shule, na nikiwa nyumbani."

"Mama... kumbe ungekubali?"

"Uliniuliza?"

Lepe aliinamisha kichwa. "Nilijua utasema hapana."

"Uliisikia hapana yangu kabla sijaisema, ndiyo maana ukaenda kwa kunyata, na anayenyata gizani hakosi kukanyaga kitu." Mama aliunganisha ile diski akiendelea kusema, bila kumtazama. "Hilo ni la kwanza, ukitaka kitu kwenye nyumba hii, niulize kwa mdomo. La pili, usifute kitu usichojua kazi yake, hata kama kwako ni ganda. Na la tatu ndilo kubwa. Uliposema kweli, korongo alipona. Ungesema nilipoingia tu mlangoni, na mdiria angepona. Kosa ni kama moto wa jikoni, kadiri unavyochelewa kuita watu ndivyo unavyoongeza vitu vya kuungua. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe uliposema asifute. Aliyebaki wa kumkasirikia ni yule mamba wa plastiki."

Mchezo ulifunguka, polepole kama mara ya kwanza, na muziki wake wa kukatikakatika. Weupe ukajaa kwenye kioo. Puto likanyanyuka. Lepe alilielekeza kwenye nyumba yenye giza, akawasha taa, na ile nyumba ikaanza kuimba. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. Kisha akavuta kiti chake karibu.

"Sogea kidogo," alisema. "Unaniziba."