Abiria wa Kipengele cha Kumi na Tisa

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na mbili kasoro dakika nane jioni, nilipopiga hodi kwa mama mshonaji ili nikague pikipiki ya marehemu mumewe. Saa niliiandika juu ya ukurasa, kama ninavyoandika kila kitu. Mimi ni mwoga, na kalamu ndiyo dawa yangu.

Pikipiki niliitaka kwa ajili ya baba. Alikuwa fundi wa pikipiki kwa miaka thelathini na mmoja, na nilipokuwa mdogo alinikalisha mbele yake juu ya tenki, tukazunguka naye mtaa mzima. Sasa macho yamemtupa mkono. Kila Alhamisi lazima awe kliniki saa tatu asubuhi, na mara mbili ameanguka kwenye ngazi za basi. Mara ya pili nilimfuta damu kwa kitambaa changu cha kichwa, nikaapa kwamba hapandi basi tena. Atakaa nyuma yangu, anishike kiuno, nimpeleke mwenyewe.

Kwa kuwa hakuweza kuja kukagua, alinitajia vipengele kutoka kichwani, mimi nikaandika. Vilitimia ishirini na viwili.

"Cha kwanza, uikute injini baridi," alisema. "Muuzaji akiipasha moto kabla hujafika, ana jambo. Na usiruke hata kimoja. Pikipiki kuukuu ni kama mchumba mtu mzima. Usipouliza leo, utajibiwa mkiwa ndani ya nyumba."

Mama mshonaji alikuwa barazani, cherehani yake ya miguu ikilia taka-taka-taka. Alinionyesha kwa kidevu. Pikipiki ilikuwa uani, kando ya ukuta.

"Haijawashwa tangu msiba," alisema. "Mwezi wa saba huu."

Niliweka kiganja juu ya injini. Baridi. Nikatia alama. Nikalinganisha namba ya fremu na ile ya kwenye kadi. Cheni ilikuwa na kutu kidogo. Oili ilikuwa nyeusi, lakini nilipoisugua kati ya vidole haikuwa na chembe za chuma. Nikapiga magoti kuona kama magurudumu yamenyooka, nikamulika ndani ya tenki kwa tochi ya simu.

"Mwanangu," aliita mama, "umekuja kuinunua au kuiposa?"

"Baba kasema nisiruke kitu, mama."

"Basi usiruke." Cherehani ikaendelea.

Kilichonisimamisha ni kipengele cha kumi na moja: kiti na vikanyagio. Pikipiki nzima ilikuwa na vumbi la miezi saba. Vumbi kwenye usukani, vumbi kwenye taa. Lakini vikanyagio vya abiria, vile viwili vya nyuma, viling'aa kama vimekanyagwa leo. Na nusu ya nyuma ya kiti ilikuwa safi... imebonyea.

"Mama, marehemu alikuwa anabeba abiria?"

Cherehani ikanyamaza.

"Mmoja tu," alisema. Ikaanza tena.

Nikaandika: abiria mmoja tu. Sikuuliza zaidi, kwa sababu swali lililofuata halikuwa kwenye orodha.

Jua lilikuwa limezama nilipoiwasha. Ilikubali kwa kiki ya tatu. Moshi mweupe kidogo, kisha ukatakata. Nikazunguka uwanja mtupu ulio mbele ya nyumba mara mbili. Klachi nzuri. Breki ya mbele nzuri. Nikasimama karibu na baraza, injini ikinguruma chini yangu, nikainamia daftari.

Cha kumi na tisa: Ijaribu ikiwa na mtu nyuma. Injini iliyochoka huficha uchovu wake ikibeba mmoja.

Nilikuwa nimekuja peke yangu. Lakini mama alikuwepo, na kipengele ni kipengele. Bila kuinua macho, nikasema:

"Panda nyuma, tafadhali. Tuzunguke mara moja tu."

Springi za nyuma zikashuka.

Taratibu. Kama mtu mzima anavyokaa, akijitafutia nafasi. Magoti yakagusa mapaja yangu. Nikatia daftari mfukoni, nikaingiza gia, nikaondoka. Injini ilivuta bila kukohoa. Nikafurahi. Nikawaza, kumbe mama huyu mwembamba ana uzito hivi...

Ndipo harufu ikanijia. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa leo.

Nikapunguza moto kukata kona. Injini ilipotulia, nikasikia kwa mbali, kutoka barazani...

Taka-taka-taka-taka.

Cherehani ilikuwa bado inalia.

Nikatazama kioo cha pembeni. Mama mshonaji alikuwa ameketi palepale, mguu ukikanyaga, uso umenielekea. Mgongoni kwangu kioo hakikuonyesha mtu. Lakini mikono miwili ilinishika kiuno, na baridi yake ikapenya blauzi.

Bega langu likagongwa mara mbili, kama abiria anayetaka kushuka.

Nikasimama. Nani asingesimama?

Hakushuka.

"Mbele kidogo," sauti ikanong'ona sikioni.

Sijui nilifikaje barazani. Niliiacha pikipiki ianguke ubavu.

"Nani yule?"

"Hata marehemu hakumjua." Alisema kwa sauti ya chini, bila kuacha kushona. "Alimkuta njiani saa kama hizi, amenyoosha mkono. Akamwonea huruma, akamwambia panda. Miaka minne, mwanangu, na hakuwahi kusema anashukia wapi. Tangu msiba anakaa tu pale, anangoja mtu amwambie tena."

"Ungeniambia, mama!"

"Niliowaambia walikimbia. Nikaamua kunyamaza. Hahamii kwa mtu mpaka aambiwe neno lile, na mimi sijalitamka mbele ya pikipiki hiyo. Wewe umelitamka. Na 'tafadhali' ukamwongezea."

"Siinunui."

Akaniangalia kwa huruma ya kweli. Huruma hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Marehemu naye aliiacha hapo uani, akatembea kwa miguu siku tatu. Kajaribu."

Kutoka pale hadi kwetu ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Nilitumia saa moja na dakika kumi. Kila hatua mabega yalizidi kulemewa, kama nimebeba gunia la mchanga uliolowa. Kila nilipotua kupumua... begani, mara mbili. Nilifika mlangoni nimeinama kama ajuza.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, sikio limeelekea mlango.

"Umemaliza vyote?"

"Hadi cha kumi na tisa, baba."

"Ulijaribu na mtu nyuma?"

"Ndiyo."

"Nani?"

Baba akainamisha kichwa, akasikiliza kitu nyuma yangu.

"Na huyo mgeni wako mbona hasalimii?"

Nikamwambia ni upepo. Nililala kifudifudi, maana chali sikuweza.

Alhamisi, saa moja na robo asubuhi, nilikuwa kwa mama mshonaji. Hati ya mauziano ilikuwa tayari juu ya cherehani, kalamu kando yake. Nilisaini nikiwa nimeinama. Nikapanda pikipiki. Nikangoja.

Springi zikashuka.

Mgongo wangu ukanyooka. Nikavuta pumzi kamili kwa mara ya kwanza tangu jana.

Baba alikuwa ananisubiri mlangoni, amevaa koti lake safi, kadi ya kliniki mfukoni. Aliposikia injini alitabasamu.

"Hiyo ni nzima," alisema. Akasogea, akanyoosha mkono kutafuta kiti cha nyuma.

Mkono ukaganda hewani. Akaurudisha upesi.

"Samahani," alisema kwa adabu, si kwangu. "Sikujua kuna mtu."

Nilijisogeza nyuma, kadiri nilivyoweza kustahimili, mpaka mgongo wangu ukagusa ile baridi. Nikamshika baba mkono, nikamkalisha mbele yangu, juu ya tenki, kama alivyonikalisha yeye zamani. Amekonda sana, alitosha. Nikapitisha mikono yangu kulia na kushoto kwake, nikashika usukani. Nikawa katikati.

"Twende, binti yangu," alisema baba.

Begani, mara mbili.

Nikaingiza gia.