Jibu la Mzee Karugendo

Kila Jumamosi alasiri, nyumbani kwa kina Kokwijuka huko Rubya, redio ilizimwa na mlango wa sebule ukarudishwa. Mama yake, Mwalimu Adventina, aliketi mbele ya kompyuta kuhudhuria darasa kwa njia ya mtandao. Alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa katika chuo cha ng'ambo. Kokwijuka, mwenye miaka kumi na mitatu, alimenya ndizi jikoni huku akiwatuliza wadogo zake.

"Mama, hivi mnasoma nini hasa?" aliwahi kumwuliza.

"Tunasoma kwa nini wengine duniani wana sauti na wengine hawana," mama alijibu. "Chukua kahawa yetu. Inanywewa mbali sana. Je, anayeilima anajua inakokwenda? Anajua nani anaamua bei yake? Hayo ndiyo ninayoyatafiti."

Mama alikuwa amekwisha kuwahoji wakulima kumi na saba. Walibaki watatu tu, lakini mitihani ya shule anayofundisha ilianza, akakosa nafasi. Akampa Kokwijuka daftari la maswali. "Uliza kwa Kihaya, andika kwa Kiswahili, wala usiongeze neno."

Kokwijuka aliwahoji wawili. Akiwa njiani kwenda kwa wa tatu, Mzee Karugendo, aliwakuta wenzake wanacheza rede, akajiunga nao mpaka jua likaanza kuzama. Kupanda kilima anakokaa mzee akaona uvivu. Aliketi juu ya jiwe, akaandika: "Sijui kahawa yangu inakwenda wapi. Nikishaiuza, basi." Mzee wa miaka themanini, alijiambia, angejibu nini kingine?

Mama alipokea daftari, akamtumia mhadhiri wake majibu. Jumamosi iliyofuata alitoka sebuleni uso ukimng'aa. "Koku, mhadhiri amelipenda jibu la Mzee Karugendo kuliko yote! Anataka liwe msingi wa tasnifu yangu."

Kokwijuka aliacha kumenya ndizi. "Mama, na kama mtu ametunga jibu?"

"Hufukuzwa chuo. Mwaka jana mwenzetu mmoja alitunga majibu, miaka yake miwili ikapotea hivi hivi. Mbona unauliza?"

Kokwijuka akaanza kulia. "Sikufika kwa Mzee Karugendo. Niliandika mwenyewe."

"Na wale wawili?"

"Wale niliwahoji, mama. Kweli kabisa."

Mama hakumgombeza. Alirudi kwenye kompyuta, akamwandikia mhadhiri kwamba jibu lile si la kweli, naye analiondoa.

Kesho yake, baada ya ibada, walipanda kilima pamoja. Mzee Karugendo alikuwa akigeuza kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka. Kokwijuka alipiga magoti, akamsalimu, kisha akaeleza yote bila kuficha.

"Kwa hiyo umenifanya mjinga daftarini!" mzee alisema. Halafu akacheka. "Haya, inuka. Uliza sasa."

"Babu, kahawa yako inakwenda wapi?"

"Italia, Japani, na kwingineko. Bei yake inaanzia London. Kila asubuhi mjukuu wangu wa Bukoba hunipigia simu kunisomea bei ya huko. Kinachoniuma si kutojua, mwanangu. Kinachoniuma ni kwamba najua, na hakuna anayeniuliza."

"Mzee, tafadhali rudia hilo la mwisho," mama alisema, akiichukua kalamu.

Usiku huo mama alimtumia mhadhiri jibu hilo, lakini siku mbili zilipita bila habari. Kokwijuka alikula kidogo, akasema kidogo. Jumanne jioni jibu la mhadhiri lilifika, mama akamtafsiria: "Barua yako imenifanya nikuamini zaidi. Na hili jibu la kweli lina uzito kuliko lile la kwanza. Endelea."

Kokwijuka alishusha pumzi ndefu, akajikuta anacheka na machozi yanamtoka. Mama akamvuta karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Ukimtungia mtu maneno, umemnyang'anya sauti yake, hata kama hukuwa na nia mbaya. Kazi ukikabidhiwa, ifanye mpaka mwisho. Ikikushinda, njoo useme imenishinda. Hilo si aibu. Ulikosea, lakini umesema kweli kabla mambo hayajaharibika, nami nakushukuru kwa hilo."

"Nimesikia, mama."

"Basi pakua chakula. Leo nataka kukuona unakula mpaka ushibe."