Mshono wa Samawati

Kitabu kilinukia marashi. Hilo ndilo lililomshangaza mjalidi, fundi wa kushona vitabu na kuvitia majalada, maana alikitoa katika sanduku la utotoni lililokaa miaka chungu nzima darini kwa mama yake, na kila kitu kingine humo kilinuka panya.

Alikuwa amekisahau kabisa. Alipokifungua picha zikamrudia: nyumba yenye mlango mwekundu, mtoto uani, na mwanamke mrefu aliyempa msomaji mgongo kila ukurasa. Kurasa mbili za mwisho zilishonwa pamoja kwa uzi wa samawati, mshono wa hovyo uliopinda kama nyayo za mlevi. Mjalidi alicheka. Aibu gani hii nyumbani kwa fundi! Akachukua kisu chake cha kazi, akaukata uzi na kuutupa, kama afanyavyo kwa kitabu chochote kinacholetwa mezani pake. Ndani hamkuwa na kitu ila ule mlango mwekundu, na ulikuwa wazi.

Akampa kitabu bintiye, aliyeitwa Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema mdomo wake haukuwahi kupumzika.

Kesho yake Chiriku alimfuata karakanani. "Mama, yule mama mrefu amegeuka."

"Picha haigeuki, mwanangu."

"Amegeuka! Anataka niingie kwake. Nimemwambia mpaka nikuombe ruhusa."

Mjalidi akachungulia. Bega lilionekana, na ncha ya pua. Mchana ule ule lilionekana shavu zima, na marashi yalikuwa yameingia kwenye mkate, kwenye maji, hata kwenye nywele za mtoto. Woga ukamshika. Akampigia mama yake simu.

"Uzi uko wapi?" mama akanong'ona baada ya kusikia habari.

"Nimeukata, mama. Nimeutupa."

"Masikini wee! Ule niliuchomoa kwenye gauni lako. Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Ulikaa na kitabu hicho ukitabasamu tu, husemi, huli. Ni jini, mwanangu, huita watoto. Kuchoma nilijaribu, hakiungui. Mganga akasema nifunge mlango kwa uzi wa nguo ya mtoto anayeitwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliposahau nikashukuru. Sasa shona, kabla hajageuka kabisa. Ila mshike mtoto mkono. Mpaka fundo la mwisho usimwachie."

Mjalidi akachomoa uzi wa manjano kwenye gauni la Chiriku, akamketisha kando yake, akamkamata kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaanza kushona. Sindano iliteleza, kurasa zikamkimbia, mshono ukaenda upande, ukawa kama ule aliouchekea jana, na wakati huo marashi yalikuwa yanamkaba koo, na yule mwanamke pichani alikuwa anageuka mbele ya macho yake, taratibu, shavu, kisha pembe ya jicho, na nyuma ya mlango mwekundu miguu yake ilisikika ikiburuta, inakuja, na Chiriku alikuwa anasema na kusema na kusema, na mjalidi akawaza kwamba kwa mwendo huu hatawahi, kwamba fundi hashoni kwa mkono mmoja, kwamba ni kufumba na kufumbua tu, na akamwachia mtoto ili auvute uzi kwa mikono miwili kama alivyofundishwa.

Ikawa kazi safi. Tundu kwa tundu, mstari ulionyooka. Akafunga fundo, akalikaza, na marashi yakakatika papo hapo.

"Tumepona, mwanangu," akasema, huku machozi yakimtoka.

Chiriku alikuwa amekaa pale pale, ametulia tuli. Akanyoosha kidole, akapapasa mshono tangu mwanzo hadi mwisho.

"Umenyooka," akasema hatimaye, polepole, kama mtu mzima. "Mama yako alishona vibaya, lakini yeye hakukuachia."

Mjalidi akapapasa meza akitafuta kisu aukate mshono. Hakikuwepo. Mtoto alikuwa ameficha mkono mmoja mgongoni, anatabasamu. Na katikati ya zile kurasa mbili, kwa mbali sana, sauti ndogo ilikuwa inaongea bila kupumzika, ikimwita mama.